Mwisho wa Filamu, Mlangoni

Kila Jumamosi ya mwisho ya mwezi ninaua filamu moja. Ninasimama karibu na mlango wa nyumba ya video iliyo ng'ambo ya reli, nikiwa na mwavuli wa jua na viatu vyangu vya kanisani, na watu wanapofika ninawaambia mwisho. Siinui sauti. Ninasema kama mtu anayetoa habari za barabara ya Kabongo: yule mzee mwenye fimbo ndiye aliyemuua kaka yake, yule binti anakufa kabla ya harusi, yule askari msimhurumie, alikuwa upande wa wezi tangu mwanzo. Wengine wanaziba masikio. Wengine wananitukana. Wengine, hasa akina mama waliokwisha kusikia habari zangu, wanasogea karibu ili wasikie vizuri, halafu wanageuka na kurudi kwao.

"We mama, uko muchawi?" mwanamume mmoja aliniuliza mara ya kwanza. "Sisi tunakuya kuangalia, weye unatupa mwisho ya bure!"

"Mwisho ya bure iko muzuri," mwanamke aliyekuwa nyuma yake akamjibu. "Itanipa wakati ya kutwanga majani ya sombe."

Ninapenda filamu. Ninalisema hili mapema kwa sababu anayeniona pale mlangoni anaweza kudhani mimi ni mmoja wa wale wanaoita sinema kazi ya shetani. Hao ninawajua, wamenilea. Nyumba yetu ni ya Kimethodisti tangu babu, na nilipokuwa mdogo picha pekee iliyoruhusiwa ilikuwa ile ya Yesu iliyoonyeshwa kwenye shuka nyeupe uani mwa kanisa, shuka ikipepea hata mitume wakaonekana kama watu wanaocheza. Nilitazama shuka ile na sikupona tena. Leo mimi ni sekretere wa shule, mwanamke mzima, na mwezi wangu wote umepangwa kwa kufuata filamu.

Mpangilio wenyewe ni huu. Mwanzoni mwa mwezi ninakwenda sokoni kwa muuzaji anayeingiza filamu kwenye flashi. Yeye hupokea mzigo mpya kutoka Lubumbashi, treni ikija kwa treni, isipokuja kwa lori, na kama vyote viwili vimekwama anauza za mwezi uliopita akiapa kuwa ni mpya. Ninachukua za Kinaijeria mbili, ya Kihindi moja, ya Kichina moja ya wafalme na panga, na moja ya Kifaransa ambayo hakuna mwingine anayeiomba. Nyumbani tuna sahani ya jua juu ya bati, betri chini ya meza na televisheni inayopenda kugeuza nyuso za watu kuwa kijani. Ninaangalia mchana, nikitoka shuleni, jua likiwa bado lina nguvu. Majira ya mvua betri hukatika katikati ya ugomvi, na mtu aliyeinua panga anangoja kesho yake kuishusha. Mama anapita na sinia ya unga wa mihogo, anatupia jicho, anauliza, "Bado banapigana tu?" na kuendelea bila kungoja jibu. Mdogo wangu wa kike hukaa dirishani kwenye cherehani yake, ameipa televisheni mgongo. Anaangalia kwa masikio. Akisikia muziki umebadilika anaondoa mguu kwenye pedali na kuniuliza mimi dada yake mkubwa, "Yaya, amekufa?"

Mwisho wa mwezi ndio sinema yenyewe. Zamani hapa Kamina kulikuwa na jumba la sinema la wafanyakazi wa reli. Viti vyake vimekwisha kuota miguu na ndani sasa panawekwa magunia ya mahindi ya Kaniama. Iliyobaki ni hii nyumba ya video, nasi tunaiita sale. Ni kuta za matofali ya kuchoma, bati, mabenchi, mashine ya kurusha picha ukutani, na jenereta iliyofungiwa nje kwenye kibanda chake ili kelele zipungue. Wanakuja watu wa mtaa, wanakuja wake za askari kutoka kambi ya Base wakiwa wamevaa kama wanaokwenda harusini. Lakini si picha inayowaleta. Inayowaleta ni sauti ya mtu.

Huku kwetu filamu za sale hazisikilizwi jinsi zilivyokuja. Zimekuja kwa Kichina, kwa Kihindi, kwa Kiingereza, na waliokaa pale wanasema Kiswahili na Kiluba. Kwa hiyo kuna mtafsiri. Anakaa mbele, pembeni ya ukuta, mikro ya kusemea mkononi. Anashusha sauti ya filamu hadi inabaki kama redio ya jirani, kisha anawasemea wote: mfalme, mjakazi, farasi. Wetu ni mwanamume mrefu wa umri wangu, sauti yake nene kama ya mhubiri, na akitaka kuwa mwanamke anakuwa mwanamke kweli. Kichina hajui. Hakuna aliyewahi kumdai ajue. Anatazama midomo na mikono ya watu, anajua nani ana hasira na nani ana njaa, basi. Zaidi ya hapo anaingiza mji wetu ndani. Jenerali wa Kichina anapokunja ramani, mtafsiri anamfanya alalamike kwamba treni imekaa tena siku zote hizi bila kufika. Malkia wa Kihindi anapolia, anakuwa analilia bei ya mahindi. Sale nzima inaanguka kwa kicheko. Ndiyo desturi yake, na mtu ambaye habari yake imeingia katika filamu hutoka pale akijifanya amefurahi.

Mwaka jana, kabla ya mvua kuanza, niliketi kwenye benchi la tatu na mdogo wangu ubavuni mwangu. Alikuwa amerudi nyumbani miezi michache kabla, kutoka Kaniama alikokuwa ameolewa. Mumewe alileta mwanamke mwingine katika nyumba ileile, na mdogo wangu hakungoja kufukuzwa. Alifunga godoro lake na cherehani yake kwenye pikipiki, na alipokuwa anatoka aling'oa kufuli ya mlango wa mbele, kwa kuwa ilikuwa yake, aliinunua kwa kazi ya mikono yake wakati mumewe akiwa hana hata mlango. Alifika nayo kwetu, akaiweka katika droo ya cherehani, ufunguo ukiwa bado ndani yake. Habari za kuachana zilijulikana, ndoa haifichwi. Habari ya kufuli haikujulikana. Hapa mjini tuliijua watu watatu: yeye, mama na mimi.

Filamu ya siku ile ilikuwa ya wafalme na panga. Katikati yake kuna mke wa mfalme anayeondoka katika jumba kubwa, amepanda gari la farasi, ameshika kisanduku kidogo kifuani. Katika filamu yenyewe, niliyokuja kuiangalia nyumbani baadaye nikisoma maandishi ya Kifaransa chini, kisanduku kile kina majivu ya mtoto wake, na haneni neno lolote. Anatazama tu njia.

Mtafsiri alimtazama yule mwanamke, akaweka mikro karibu na mdomo, akatoa ile sauti yake ya kike.

"Mama ya Kamina, nipokee! Bantu ya Kaniama banifukuza, banasema niko mwizi! Niliwaibia sufuria, niliwaibia shuka, na muangalie hapa," na mke wa mfalme akakaza kisanduku, "na kufuli ya mulango nimebeba! Ule mwanamuke mupya alale wazi!"

Nimekwisha kusikia kicheko kikubwa katika sale ile, lakini si kama kile. Watu walipiga mabenchi. Mwanamke mmoja wa Base alijifuta machozi kwa ncha ya kikwembe chake. Halafu vichwa vikaanza kugeuka, mmoja, mwingine, mpaka kila mtu aliyekuwa mbele yetu akawa anatutazama sisi badala ya ukuta. Mdogo wangu alisimama, akapita mbele ya magoti ya watu akiomba radhi kwa kila mmoja, akatoka.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Tulipokuwa tunatoka kanisani mtu asiyeonekana, nyuma ya ua wa nyasi, aliita, "Bafunge milango! Mama Kufuli anapita!" Jina likashika. Jina la namna hiyo mtu angeweza kulibeba, mjini kuna majina mabaya zaidi. Lakini mdogo wangu ni fundi wa nguo, na mshonaji anaishi kwa vitambaa vya watu wengine. Mtu anakuletea kikwembe kizima, anakuachia, anakwenda zake. Anaacha kwa kuwa hakudhani hata kidogo kwamba ukikata utabaki na kipande. Hakuna kazi nyingine inayosimama juu ya kitu kimoja hivi.

Wa kwanza alikuja Jumatatu. "Usisikie mubaya, ndugu," akasema, akitazama pembeni. "Ni bwana yangu njo anasema kikwembe irudie kwanza ku nyumba." Mdogo wangu akamkunjia, akampa. Wa pili alikuja na shemeji yake kama shahidi. Wa tatu alikifunua kitambaa mbele yetu na kukipima kwa mikono, kutoka pua hadi kidole, akihesabu kimoyomoyo, kisha akasema asante. Kabla ya mwezi kwisha, kamba ambapo nguo zilizomalizika huning'inizwa ilikuwa na gauni la mama peke yake. Mguu wa mdogo wangu ulibaki kwenye pedali kwa mazoea. Alishona matambara kwenye matambara.

Nilikwenda kwa mtafsiri. Nilikwenda kwa adabu, mchana, nikampigia hodi. Alikuwa anafunga waya wa spika yake kwa utepe.

"Papa," nikamwambia, "ulisema mdogo wangu ni mwizi."

"Mama sekretere, weye uko muntu ya masomo. Ile iko filme. Ule mwanamuke ya mu filme njo alisema, hapana minyi."

"Ule mwanamuke ni Mchina. Hajui hata kama Kaniama iko."

"Njo anajua sasa," akasema, akacheka, na mkewe aliyekuwa anachambua maharagwe akacheka kidogo pia, kisha akaacha.

Nikamwambia ninachotaka. Sikutaka kuku wa fidia wala mazungumzo ya wazee. Nilitaka Jumamosi ya filamu inayofuata, kabla haijaanza, achukue mikro ileile mbele ya watu walewale, aseme kwamba mdogo wangu hakuiba. Neno moja. Akaniambia kwamba mtafsiri akianza kusahihisha filamu zake hatapata tena mtu wa kumwamini. Alisema hivyo bila aibu, akiendelea na utepe wake.

Nilirudi kwangu nikijua nitakachofanya. Sikufikiri sana. Muuzaji wa flashi ndiye anayemlisha yeye, ndiye anayenilisha mimi, na jina la filamu linaandikwa kwa chaki mlangoni mwa sale juma zima kabla. Nilikwenda sokoni, nikaomba ileile iliyoandikwa. Niliiangalia nyumbani, nikasimamisha, nikarudisha nyuma, nikajua nani ni mtoto wa nani. Jumamosi nikachukua mwavuli.

Nisitie chumvi: kulikuwa na raha. Wanaosema kisasi ni kichungu nadhani walikifanya vibaya. Mimi niliamka Jumamosi ile nikiwa mwepesi, nikipiga pasi blauzi yangu, nikichagua maneno. Mwisho wa filamu unataka kusemwa kwa ufupi. Ukieleza sana mtu anatamani kuona. Ukisema "anakufa, kwa sumu, anayemtilia ni mama yake," hakubaki kitu. Nilijifunza pia kwamba si lazima kusema mwisho tu. Niliwaambia, "Atawaambia wale wawili ni bwana na bibi. Hapana. Ni kaka na dada." Basi ndani, mtafsiri alipowafanya wanong'onezane maneno ya mapenzi, sale ilipiga kelele: "Ni dada yake, papa! Aibu!" Nilisimama nje, nikasikia sauti ile nene ikikohoa, ikitafuta njia. Nilikwenda nyumbani nikala tonge kubwa za bukari.

Mwezi uliofuata mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu. Mwezi mwingine, na ya katikati. Nilimweleza mdogo wangu kila kitu, hatua kwa hatua. Alisikiliza kichwa kikiwa chini.

"Na vikwembe, yaya? Vimerudi?"

"Bado," nikamwambia. "Ngoja aishiwe kwanza."

Hakuishiwa. Nilichosahau ni kwamba yule mtu hakuwahi kutegemea filamu. Jumamosi moja niliwaambia watu mlangoni kwamba kijana mwenye shati jeupe anapigwa risasi na kuzikwa, mvua ikinyesha, basi. Nikaingia mwenyewe, nikakaa, kwani nilikwisha kuzoea kumtazama akihangaika. Kijana akapigwa risasi. Akalazwa katika sanduku. Watu waliovaa nguo nyeusi, wenye miavuli, wakakusanyika. Mtafsiri akasimama, jambo ambalo hafanyi.

"Hapana kulia, bandugu! Mama ya mulango aliwaambia anakufa? Muangalie muzuri, anapumua! Banamuficha mu sanduku, sababu bakwe bake banakuya kulomba mbuzi ingine!"

Sale ikalipuka. Kasisi wa kwenye picha akafungua kitabu, na mtafsiri akamfanya asome masharti ya mahari, kipengele kwa kipengele. Mama wa marehemu akaanguka juu ya sanduku, akawa anamnong'oneza mwanawe asikohoe. Udongo ukatupwa. "Pole pole!" akasema marehemu kutoka ndani. "Munaingiza mchanga mu macho!" Watu walikuwa wanalia kwa kucheka, na mimi, nitasema kweli, meno yangu yalitaka kutoka nikayafunga.

Kuanzia siku ile walikuja kwa ajili ya hilo. Walinikuta mlangoni wakiniuliza wao wenyewe, "Mama, leo nani anakufa?" ili wajue ni lipi atakaloligeuza. Nilikuwa nimekuwa sehemu ya onyesho. Mabenchi yakajaa, wengine wakaleta viti vyao vya plastiki. Nilikuwa ninamfanyia tangazo mtu aliyemharibia mdogo wangu jina, tena kwa kiatu changu cha kanisani.

Mwezi uliofuata sikusimama mlangoni. Niliingia pamoja na wengine, nikakaa kwenye benchi la tatu. Filamu ilikuwa ya Kihindi, ndefu, na mtafsiri alikuwa amechangamka. Alinitafuta kwa macho, akanipata, akapunguza mwendo kidogo, kama mtu anayeona shimo njiani. Nilingoja. Kuna pahali katika kila filamu ambapo hata yeye hunyamaza, mtu anapotembea peke yake na hakuna mdomo unaofunguka. Palipofika nikasimama.

"Papa," nikasema. "Ile ya kufuli. Nani alikwambia?"

Sikupiga kelele. Hakuna aliyejifanya hakusikia.

"Mama, kaa chini, tunaangalia," mtu akasema nyuma.

"Hapana, aache," akasema mwanamke, nadhani yule wa Base. "Ajibu. Na minyi ninataka kujua."

"Ajibu! Ajibu!"

Alikuwa ameshika mikro chini, juu ya goti, na spika zikatoa sauti ya suruali yake ikisuguana na kichwa cha mikro, krr, krr. Hakuendelea na filamu. Filamu ikapita mbele yetu na sauti yake yenyewe, ndogo, kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Sijawahi kuona sale ile ikiangalia filamu hivyo. Mwanamke alikuwa anaimba kisimani, na watu wazima, wake za askari, wauza mkaa, walikaa kimya vinywa vikiwa wazi. Ilikuwa nzuri. Haikunilainisha. Nilibaki nimesimama mpaka majina yakaanza kupanda ukutani.

Alinikuta nje, karibu na kibanda cha jenereta, ambako mtu analazimika kusema karibu na sikio la mwenzake. Usoni hakuwa na dhihaka.

"Nitasema," akaniambia. "Jumamosi ingine ya filme, mbele ianze. Nitakamata mikro, nitasema ule mwanamuke hakuiba kitu. Sufuria, shuka, niliongeza ya kwangu, juu bantu bacheke. Nitaomba masamaha."

Nilikuwa nimelingoja neno lile karibu mwaka.

"Lakini weye njo uliuliza mbele ya bantu bote," akaendelea. "Basi na ile nitajibu mbele ya bantu bote. Kufuli haikuwa uongo. Muntu alinipa ile habari. Nitamutaja."

"Nitajie mimi, sasa."

"Hapana. Minyi peke yangu nibakie mubaya ya mji muzima? Ku mikro, byote viwili. Ao hakuna kitu."

"Ni nani?"

"Ilitoka mu nyumba yenu, mama. Minyi sina macho ya kupita mu ukuta."

Akazima jenereta. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa hata nikasikia mtu akicheka mbali sana, kule kwenye reli.

Nilitembea polepole kwenda nyumbani, na kwa kuwa ndivyo nilivyo, nilipanga mambo. Mimi sikumwambia mtu. Mama yangu huimba kwaya na mama yake mtafsiri. Na Jumatano akina mama wa kanisa wanakaa duara, kila mmoja anataja mzigo wake ili wenzake wauombee. Wanautaja wazi, kwa majina, kwa sababu wanaamini Mungu hapendi maombi ya mafumbo. Sioni taabu kumsikia mama akisema: niombeeni binti yangu, analala na kufuli ya mlango wa mumewe, ufunguo ndani. Angeisema kwa upendo. Nyumba mbili baadaye ingekuwa hadithi. Hiyo ni njia moja. Njia ya pili ni mdogo wangu mwenyewe. Mke wa mtafsiri alikuwa mteja wake wa kwanza aliporudi. Alimshonea blauzi na sketi, akampima, akamsimamisha mbele ya kioo. Mwanamke akipimwa kiuno anazungumza, na anayempima hujibu. Huenda alifungua droo kutafuta mkasi. Huenda alimwonyesha, akacheka, akiwa bado na nguvu za kucheka.

Kama ni mama, basi mikro itasema mbele ya mji kwamba mama amemuuza binti yake katika maombi, na Jumapili atakaa wapi? Kama ni mdogo wangu, atakuwa amesafishwa na kuchekwa katika sentensi mbili zinazofuatana, na mji utakumbuka ya pili. Lakini bila sentensi ya kwanza, hakuna mtu atakayemwachia kitambaa hapa Kamina, na hana mji mwingine.

Niliwaeleza wote wawili mezani, jioni ileile, maneno yote kama alivyoyasema.

Mama aliweka chini tonge lake. "Acha," akasema. "Umekwisha kumupiga ya kutosha. Acha hapo."

"Mama, hajasema bado kwamba hakuiba."

"Mungu anajua hakuiba."

"Mungu hashonewi nguo," nikasema, na mama, ambaye kwa kawaida angenikemea kwa jambo kama lile, akasogeza sahani yake kando.

Mdogo wangu alikuwa anakunja ncha ya kitambaa cha meza. "Aseme," akasema. "Chochote eko nacho, aseme."

"Hata jina?"

"Nimesema aseme, yaya."

Nilizitazama nyuso zao kama ninavyotazama nyuso za watu kwenye ukuta, midomo na mikono, nikitafuta nani anaogopa. Mama alikataa: labda anaogopa kwa ajili yake, labda anamkinga binti yake. Mdogo wangu alikubali: labda hana la kuficha, labda amechoka kuficha. Nimeyapindua hayo kila upande tangu siku ile. Sikuthubutu kuwauliza moja kwa moja, kwani yeyote atakayejibu "si mimi" atakuwa amemtaja mwenzake. Na hasira yangu, ambayo karibu mwaka mzima ilikuwa na uso mmoja na sauti moja nene, sasa inakula nami bukari na sijui ikae kiti gani.

Jana alasiri mtafsiri alimtuma mkewe. Hakuingia. Alisimama nje ya ua wetu, amevaa ile blauzi na sketi, mikono imeshika nyasi za ua.

"Mama sekretere," akaita. "Bwana anauliza. Ni ndiyo ao hapana?"

Cherehani ikanyamaza. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Wote wawili walinitazama mimi, hawakumtazama yule mwanamke wala hawakutazamana.

Nikamwambia arudi kesho.